Joto la Mjomba

Jumatano, 5 Machi

Leo nimekuwa mtu mkubwa. Nina madaftari mawili.

Moja ni la hospitali. Jalada la kijani, karatasi nzito, ndani kumegawanywa vyumba vyumba: joto asubuhi, joto jioni, kikohozi, pumzi, choo mara ngapi, ngozi. Sista wa utafiti kanikabidhi kama ananipa funguo za benki. Kumbe yalikuwa mawili yameshikana! Nikayatia yote mawili kwapani. La pili ndilo hili. Vyumba vyake sivijali, naandika juu yake hivi hivi, yangu mwenyewe.

Mjomba kaingizwa kwenye utafiti wa dawa. Yeye ni kinyozi, mimi ni mwanafunzi wake, ingawa kwenye kuchonga ndevu nimeshampita na hataki kukubali. Ana saratani ya mapafu. Imeshasambaa, kukata haiwezekani. Sasa watampa dawa mbili kwa pamoja, dripu kila baada ya wiki tatu, kuanzia leo. Ya kwanza kemo, hiyo kazi yake kupiga. Ya pili inaamsha kinga ya mwili. Daktari kaeleza kwa mikono: saratani imewafunga askari wa mwili vitambaa machoni, dawa hii inavifungua. Ila askari wakishafunguliwa, wengine hawachagui. Wanaweza kugeuka wakapiga watu wa nyumbani — utumbo, mapafu yenyewe, ngozi. Ndiyo maana ya daftari. Ukiona kitu, andika. Ukiona kibaya, piga simu, namba iko nyuma ya jalada, saa yoyote.

Mjomba kasema, "Kwa hiyo mnaniletea mgambo tumboni." Daktari kacheka mpaka kalamu ikamwanguka.

Halafu sista akauliza nani nyumbani anasoma na kuandika vizuri. Mama — dada yake mjomba — akaniangalia. Nikasimama. Umefika wapi shule? Kidato cha nne, sista, na nikafaulu.

Limetoka lenyewe! Mama akainamia mkoba wake, akaanza kutafuta kitu ambacho hakimo. Mjomba akakohoa kikohozi kirefu kuliko cha kawaida. Ukweli ni kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilikiaga mwezi wa tano.

Hakuna aliyenisuta. Wangenisuta ningecheka.

Ijumaa, 7 Machi

Mwandiko wangu jamani! Namba zimesimama kama wanafunzi mstarini. Joto 36.4 asubuhi, 36.7 jioni. Kikohozi kipo. Choo mara moja. Mjomba ananiita kila saa: "Profesa, andika nimepiga chafya." Nikamwambia chafya haina chumba. "Basi ijengee."

Jina la Profesa kalianzisha yeye, siku ile ile niliyoacha shule. Sasa wateja wote wananiita hivyo. Wapya wanadhani ni sifa.

Kanuni ya sista: hakuna kufuta. Ukikosea unapiga mstari mmoja tu juu ya kosa, lisomeke, unaandika la kweli pembeni na tarehe. Nikamwambia sista, mimi sikosei.

Mjomba kichefuchefu kutwa. Anajikaza kisabuni. Kanyoa vichwa vitatu amekaa kwenye stuli, mteja ndiye anayezungushwa.

Jumapili, 9 Machi

Nimeua kipimajoto.

Sikukusudia! Dukani kulikuwa na wateja wawili na yule fundi viatu wa mlango wa pili. Nikawatangazia, chombo cha hospitali hiki, kinasoma joto la kitu chochote duniani. Fundi viatu akasema acha uongo. Mimi, uongo? Nikakichomeka kwenye kikombe chake cha chai, inafuka moshi. Kikalia ti-ti-ti-ti, kikaonyesha vistari viwili, kikazima.

Nimekikausha kwa taulo la kunyolea. Nimekipuliza. Nimekianika. Nimekibadilishia betri. Maiti. Fundi viatu alicheka mpaka akashika ukuta, na mimi nikacheka, ningefanyaje.

Jioni mjomba kaniita nimpime. Nikamwekea kwapani kile kile, kimekufa vile vile. Nikahesabu moyoni mpaka sitini. Halafu nikageukia dirishani nikalia mwenyewe kwa mdomo — ti-ti-ti!

"Ngapi?"

Thelathini na sita nukta sita.

"Mzima kama ng'ombe," akasema. Akajifunika, akalala, ametulia kabisa.

Jumatano tunaenda kupima damu. Nitamwambia sista. Vipimajoto wanavyo, nimeviona kabatini, boksi zima.

Jumatano, 12 Machi

Sijamwambia.

Nilikuwa nimeshayapanga maneno. Lakini alilifungua daftari mbele ya benchi zima, wagonjwa wote na watu wao, akaliinua juu. Akasema tazameni, hivi ndivyo linavyotakiwa kuwa, safi, namba zinasomeka, hakuna siku iliyorukwa. Mjomba kanigonga mgongoni. Kichwa changu kilivimba hadi masikio yakaziba. Sasa katikati ya sifa unamwambiaje mtu kwamba umepima chai?

Pembeni yangu alikaa binti mmoja wa miwani, kamleta baba yake, ugonjwa mmoja, dawa zile zile. Daftari lake jamani! Hapa wino wa bluu, hapa penseli, mistari ya kukata kila mahali, na ukurasa mmoja una doa la mafuta. Nikamnong'oneza, dada, hili daftari au kitambaa cha jikoni?

Akanitazama juu ya miwani. "Baba yangu kila siku anaumwa tofauti. Wako anaumwa kwa rula?"

Nilikuwa na jibu. Limenijia sasa hivi nyumbani, na sasa hivi halina faida.

Jumatano, 26 Machi

Dripu ya pili. Safari hii mjomba kapanda ngazi za hospitali bila kusimama katikati! Kikohozi kimepungua nusu. Analala chali, mwezi uliopita alikuwa analala ameketi. Dukani kaanza tena kuniamuru: Profesa, fagia, Profesa, hilo bega la mteja linawasha, piga brashi. Sijawahi kufurahi hivi kutukanwa.

Sasa aibu. Sista — anatembea kama bata anayewahi basi — kachukua ukurasa wangu, kaficha jina la mjomba, kautoa nakala, kaubandika ukutani. Juu kaandika MFANO. Nikaenda kuutazama. 36.6. 36.6. 36.5. 36.6. Ile 36.5 niliiweka kwa ajili ya ladha tu.

Binti wa miwani alikuwa anausoma, pua karibu iguse ukuta. Akasema mjomba wako ana joto la jokofu, halipandi halishuki. Nikamwambia ukoo wetu ndivyo tulivyo, damu tulivu. Akasema hongereni.

Nadhani anajua. Hapana, hajui. Anajua nini yule.

Kila nikikaa pale benchi najikuta nimegeuka ili nisiukabili ukuta.

Jumanne, 8 Aprili

Mjomba leo ni mwanariadha! Chooni mara nne, na mara zote kashinda mbio. Mara ya tatu kamwacha mteja na povu kidevuni. Kasema ni maziwa, yamechacha. Mbona mimi nimeyanywa? "Wewe tumbo lako ni la mbuzi."

Kule kwenye la hospitali nilikuwa naandika "mara nne", nimefika kwenye "n", akanishika mkono.

"Andika moja."

Mjomba, mbona sista kasema...

"Nimekaa kwenye lile benchi kama wewe. Yule mzee wa kofia alisema anaharisha, umemwona tena? Wamemwondoa kwenye utafiti. Mimi sasa hivi napumua, Profesa. Napumua! Nisiondolewe kwa sababu ya maziwa."

Ningebisha. Ningesema mjomba, hebu tupige simu tuulize. Lakini wakija kuuliza la choo wataangalia na la joto. Kwa hiyo nikaandika "mara moja", nikaona moyo umetulia. Hilo ndilo nalionea haya kuliko lote. Nilifurahi kuombwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Mara tano. Hana hamu ya kula. Jioni nimemshika paji la uso — moto. Wa kweli. Nimejishika na mimi, nimemshika mama, nimerudi kwake. Wake wa kweli.

Nikamwambia una joto mjomba. Akasema pima basi. Nikaenda kukichukua kile cha ti-ti-ti. Nikarudi nacho. Ti-ti-ti safari hii ilikataa kutoka. Nikasema tu 36.6, kimelia taratibu, hukusikia.

"Umeona?" akasema. "Mkono unadanganya, chombo hakidanganyi."

Jumatano, 16 Aprili

Nitaandika polepole.

Picha kwanza. Daktari kageuza kioo cha kompyuta tuone wote. Donge la mwezi wa pili lilikuwa kama limau. La leo, kama gololi! Mjomba akaomba aonyeshwe tena. Akaonyeshwa. Akaomba tena. Mama alilia ndani ya kitambaa cha kichwa. Daktari akasema si kupona, tusijidanganye, lakini ni zaidi ya tulivyotarajia, na leo tunaendelea na ya tatu.

Sista kauliza maswali yake. Homa? Mjomba kaniangalia. Hakuna. Kuharisha? Mjomba kaniangalia tena. Sista akacheka, akasema basi nimuulize katibu, akateremsha kidole kwenye daftari. Mara moja, mara moja, mara mbili, mara moja. Kidole kikafika chini. Akasema safi.

Mara mbili niliiweka mimi. Kwa ladha.

Wakatundika dripu. Ile ya askari inaanza, kemo baadaye. Nikatoka nje kuvuta hewa, nikamkuta binti wa miwani peke yake, kafuata vidonge. Nikaogopa kuuliza. Nikauliza: mzee? Kasema mzee anaendelea vizuri, yuko nyumbani anagombana na redio. Wiki tatu zilizopita alianza kwenda chooni mara tatu, mara nne. Siku ya pili binti akapiga ile namba. Wakasimamisha ile dawa ya kinga, wakampa vidonge vya kuwatuliza askari, wiki moja tumbo likatulia.

"Hawakumwondoa?"

"Wamwondoe kwa nini? Wamemsimamisha tu. Utafiti si ndiyo huo? Wanataka kujua."

Na yule mzee wa kofia?

"Kahamia kwa mwanawe mji mwingine. Anatibiwa huko."

Nilirudi ndani. Mfuko ulikuwa nusu. Nusu nzima bado! Sista alikuwa mezani, hatua sita kutoka nilipo. Nilikaa. Nikahesabu matone. Mjomba kafumba macho, anatabasamu, anaota gololi. Mimi ninayeongea dukani mpaka wateja wanaomba redio ifunguliwe ninyamaze — sikuweza kutoa neno moja. Nilihesabu matone mpaka mfuko ukakunjamana.

Jumamosi, 19 Aprili

Mara saba. Anasema ni kemo, kemo ni kemo.

Kang'ang'ania kuja dukani. Mteja wa kwanza, mwalimu wa hesabu, anataka para linalong'aa. Mjomba kafika nusu ya kichwa, mashine ikaanza kutetemeka, akaiweka, akatoka ameinama. Dakika kumi. Mwalimu na nusu ya nywele. Nikamwambia tulia mwalimu, sasa umepata fundi. Nikachukua mashine. Nikamtia jeraha juu ya sikio.

Dogo tu. Nikaweka poda. Nikamzungusha kiti upande wa pili ili asione kwenye kioo.

Mjomba karudi, kashikilia mlango, kajaa jasho, kaona poda. Kinyozi mgonjwa ni kinyozi bado. Akamgeuza mwalimu kwenye kioo, akamwambia samahani mwalimu, mpwa wangu amekukata hapa, pole, tutakusafisha. Mwalimu akasema wala sikusikia.

Baadaye akaniambia, nimeketi kwenye kiti cha mteja na yeye kwenye stuli: "Kumkata mtu ni mambo ya kazi. Hata mimi nimekata watu. Lakini alisikie kwako kabla hajaliona kwenye kioo. Poda si dawa."

Nikasema nimekuelewa mjomba.

Hakujua ananiambia nini. Au alijua? Maana alipomaliza hakuniangalia, na mimi sikumwangalia. Tulitazama kioo, wote wawili tumo, kila mmoja anamkwepa mwenzake.

Jumatatu, 21 Aprili

Damu. Nimeiona mimi, yeye kaomba nisiseme. Mara kumi leo, labda kumi na moja, nimeacha kuhesabu alipoacha kurudi kitandani, kakaa tu kwenye kigoda karibu na mlango wa choo. Midomo imepasuka. Mashavu yameingia.

Nikasema napiga simu. Akanishika kwa vidole viwili tu, nguvu ya mkono mzima hana. Nikamwambia mjomba, hawaondoi watu! Yule mzee wa kofia kahamia kwa mwanawe tu. Nimeambiwa. Akauliza umeambiwa lini?

Jumatano.

Akafikiri. Jumatano saa ngapi?

Nikainama kuiokota kandambili yake. Akaniachia mkono.

Jioni mama kaingia na maji ya ndimu. Hajui kusoma, mama. Daftari la hospitali yeye ndiye analiweka, juu ya kabati, limefungwa kwenye kitenge kisafi, kama hati ya nyumba. Akalitoa kwenye kitenge chake, akanipa. "Nisomee mwanangu. Linasemaje? Mimi namwona ndugu yangu anaisha, lakini mimi sijui mambo haya. Lenyewe linasemaje?"

Nikasoma. Joto thelathini na sita nukta sita. Choo mara moja. Pumzi nzuri.

Mungu mkubwa, akasema mama. Akalifunga tena, taratibu, kona na kona.

Njia ya mwongo fupi, wanasema. Si kweli. Yangu ni ndefu, naiona mbele inaendelea, na ndugu zangu wote wanatembea juu yake.

Jumanne, 22 Aprili

Benchi la nje ya chumba cha dharura. Saa nne kasoro asubuhi.

Mjomba kaanguka alfajiri mlangoni mwa choo. Nilipiga namba. Mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu! Ikaita mara mbili tu, sista kapokea. Mara mbili tu. Kasema mleteni sasa hivi, na daftari msilisahau.

Mama alilibeba yeye, na kitenge chake.

Daktari wa zamu ni kijana, hajawahi kutuona. Kalisoma amesimama. Mlango haufungi vizuri, nasikia. Kamwambia sista: mpaka jana alikuwa mzima, homa hakuna, choo kawaida, basi hiki kimeanza leo, kitakuwa chakula au vijidudu, tumpe maji na dawa ya vijidudu tusubiri majibu. Sista kabisha, kasema sura hii si ya siku moja. Daktari kasema na mimi naona, lakini lazima nijue. Kama ni kinga yake inamla utumbo, tunaanza sasa hivi dawa ya kuituliza, na kwa wingi, kabla utumbo haujatoboka. Kama ni vijidudu, dawa hiyo hiyo inaweza kummaliza. Imeanza lini? Wamemuuliza mjomba, anaita jina la marehemu bibi. Wamemuuliza mama. Nimemsikia mama, kwa sauti ya fahari kabisa: "Jana joto lilikuwa thelathini na sita nukta sita, daktari. Kijana wangu kanisomea."

Kijana wake.

Anayejua imeanza lini ni mimi. Na daftari hili. Nimelipitia hapa sasa hivi. Tarehe nane, mara nne. Tarehe kumi, mara tano, na paji la moto. Tarehe kumi na tisa, saba. Jana, damu. Yote yapo! Nilikuwa nacheka tu, na bado yameandikwa vizuri kuliko kule.

Lakini na mengine yapo. Chai. Kidato cha nne. Ti-ti-ti. Sista na bata. Kwamba mama hajui kusoma. Kwamba tarehe kumi na sita mfuko ulikuwa nusu na mimi nilikaa.

Nilitaka kuzichana hizo. Nimeshika ukurasa wa bata, nimeshaupasua kona. Nikageuza. Nyuma yake, tarehe nane. Nikashika wa matone. Nyuma yake, tarehe kumi na tisa. Huwezi kutoa kimoja.

Basi nimeacha. Nimeanza kuandika ya leo kwenye vyumba vyake, kama sista alivyotufundisha. Choo tangu alfajiri: mara tisa. Damu: ipo. Pumzi: fupi. Joto: sijui. Ni la moto, lakini namba siijui, kwa sababu kipimajoto nilikiua mimi tarehe tisa Machi, kwenye chai, na namba zote za baada ya hapo ni za kichwa changu

Sista katoka. Ana lile la kijani mkononi, kidole kakibana katikati ya kurasa. Kaniambia, "Profesa, nimeangalia wino. Siku arobaini na zaidi, wino mmoja, mkono haujatetemeka hata siku moja. Hakuna mtu anayeuguza hivyo." Hakupaza sauti. Nyuma yake mlango umebaki wazi, namwona mama amekaa, kitenge mapajani, ananitazama.

Sista ameona hili. Kaona jalada ni lile lile la kijani. Anauliza, na hilo je?

Nimemwambia ngoja sista, namalizia mstari. Amesimama anasubiri, mkono kaunyoosha. Ni mstari mrefu. Nikiinua kalamu tu itabidi nimpe, kwa hiyo bado naandika, bado naandika, tarehe nane Aprili sista, ilianza tarehe nane